Kalunde wa Kiwanja Namba 114

Hapo kale, kale ambayo saruji yake bado haijakauka, palikuwa na nchi iliyopenda barabara kuliko ilivyowapenda watu waendao barabarani. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga, Mungu apishe mbali, ni kwa adabu tu, maana nchi ile ina haya na haipendi kusemwa mbele za watu. Mkuu wake aliitwa Baba wa Lami, na kila mtoto wa shule alifundishwa kwamba kabla yake watu walikuwa hawajui kwenda mahali.

Baba wa Lami alikuwa na Wizara ya Barabara, Uendelevu na Sherehe za Uzinduzi. Idara ya Barabara ilikaa chumba kimoja. Idara ya Uendelevu ilikuwa na meza, tena ya kuazima. Idara ya Sherehe ilikuwa na ghorofa nne, bendi, na gari maalumu la kubebea utepe. Hili la uendelevu lililetwa na wafadhili wa ng'ambo, watu wenye masharti mengi, waliosema hawatatoa hata koleo la kokoto mpaka wahakikishiwe kwamba barabara haitadhuru watu, miti wala maji. Wizara ilikubali siku ile ile, kwa kuwa kukubali hakuhitaji kokoto. Ikachapisha Fomu ya Uendelevu yenye kurasa sitini na mbili, na chini ya ukurasa wa mwisho nyota tano zilikuwa zimeshapakwa rangi ya dhahabu huko huko kiwandani, ili watathmini wasichoke bure.

Ndipo ikapangwa Barabara Kuu ya Shukrani, itoke mji mkuu iende mpaka kijiji alikozaliwa Baba wa Lami, ambako siku hizo hakukaa mtu ila shangazi yake na mbuzi wa shangazi yake. Mstari ulichorwa kwa rula. Katikati ya mstari palikuwa na kijiji cha Igongwe, na Igongwe alikuwepo Bi Siwatu.

*

Bi Siwatu alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti nene na hasira ambayo hakuwahi kuiombea radhi. Kazi yake ilikuwa kufagia chemchemi.

Msicheke. Igongwe nzima ilikunywa maji ya chemchemi moja, nayo ina jina lake, Kalunde, na watu wa pale humtaja kama wamtajavyo mtu. Kaya mia moja na arobaini zilichota kwake. Ukimkosa Kalunde, maji yaliyobaki ni ya mtoni, mwendo wa saa tatu kwenda na saa nne kurudi, maana kurudi una ndoo kichwani. Na mto wenyewe kiangazi hugeuka tope. Kalunde hakuwahi kukauka. Ila alikuwa na sharti. Maji yake hutoka kwenye ufa wa mwamba, ufa nao huziba mchanga, na kila asubuhi kabla ya ndoo ya kwanza lazima mtu avue viatu, aingie, aufagie kwa ufagio wa vijiti vigumu. Kazi hiyo Bi Siwatu aliachiwa na mama mkwe wake.

"Chemchemi ni jicho," mama mkwe alimwambia siku zake za mwisho. "Usipolifagia linafumba. Likifumba, watu watakuja kulia kwenye kaburi langu, nami sitaki kelele."

Kwa miaka thelathini na moja Bi Siwatu hakukosa hata asubuhi moja, ikiwemo asubuhi ya kumzika mumewe. Alivua viatu, akaamkia "Shikamoo, Kalunde," akafagia, kisha ndiyo akaenda kulia.

*

Watathmini walifika na magari manane. Walikuwa wamekuja kupima madhara kwa mazingira, kwa hiyo injini hawakuzizima, ili viyoyozi visipate moto. Gari la tano liliegeshwa juu ya shamba la magimbi la Bi Siwatu. Lilipoondoka, iliandikwa kwenye fomu: "Eneo halina mazao." Na ilikuwa kweli, halikuwa nayo tena.

Kiongozi wao alikuwa Daktari Kazimoto, Mtathmini Mkuu wa Taifa. Huyu alikuwa ameshazipa nyota tano barabara kumi na nane, mbili kati ya hizo hazikuwahi kujengwa, na ndizo zilizosifiwa zaidi kwa kutoharibu mazingira. Alitembea akikumbatia kishikwambi chenye fomu yote ndani, kama mama aliyebeba kichanga.

Mkutano wa kuwashirikisha wananchi ulifanyika shuleni. Kila mtu alipewa soda na nusu mkate.

"Ndugu wananchi," akahutubia Daktari Kazimoto, "barabara hii ni shirikishi, ni jumuishi, ni endelevu, tena ni stahimilivu. Kuna swali?"

Kabla mtu hajafungua mdomo, mwenyekiti wa kijiji, Bwana Chogo, alishashukuru kwa niaba ya wote, na karatasi ya mahudhurio ikaanza kuzunguka. Ilikuwa imekunjwa kwa juu. Bi Siwatu, ambaye hakupenda kitu kilichokunjwa, akaikunjua na kusoma: "Sisi tuliotia saini hapa chini tumeelewa, tumeridhika, na hatutalalamika."

"Hii si ya mahudhurio," akasema kwa sauti.

"Bi Siwatu, usituaibishe," Mwenyekiti Chogo akamnong'oneza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nani aliyepona? Magimbi yangu?"

Akairudisha karatasi bila kuigusa kwa kalamu. Daktari Kazimoto akamtazama kwa huruma.

"Bi mkubwa, usiposaini, hukuhudhuria."

"Si huyu hapa nimesimama mbele yako?"

"Kwa mujibu wa karatasi, hujasimama. Na asiyekuwepo na lake halipo."

Watu wakacheka, hasa wale ambao soda zao zilikuwa bado hazijafunguliwa, maana kifungulio alikuwa nacho Mwenyekiti.

*

Baada ya mkutano, Daktari Kazimoto akapita kwenye mstari wa rula akiandika vilivyomo. Bi Siwatu akamfuata nyuma, asiyekuwepo akimfuata aliyepo. Wakafika kwa Kalunde. Daktari akaingia na viatu.

"Hapa pana nini?"

"Vua viatu kwanza."

"Bi mkubwa, nina muda mfupi. Ni mtu, ni nyumba, ni mti wa matunda au ni kaburi?"

"Ni chemchemi."

Daktari Kazimoto akapekua kishikwambi juu na chini. "Chemchemi haimo."

"Haimo wapi? Si hiyo inakulowesha soksi?"

"Haimo kwenye fomu. Fomu ina watu, nyumba, miti ya matunda na makaburi. Fomu imetengenezwa na wataalamu."

Hapo Bi Siwatu akaingiwa na baridi ambayo haikutoka majini. Akauliza polepole, "Na kisichokuwemo kwenye fomu kinafanywaje?"

"Kinafukiwa."

"Na kilichomo?"

"Kilichomo kinalindwa na sheria, kinaandikiwa barua, na kinahamishwa kwa heshima zote."

Maskini Bi Siwatu. Mwanamke aliyekataa karatasi iliyokunjwa akanaswa na iliyonyooka. Alichosikia yeye ni lile neno "kinalindwa", na mengine yakampita.

"Basi mwandike Kalunde," akasema. "Mwandike vyovyote unavyoweza."

"Nimwandike mti wa matunda?"

"Kalunde hazai maembe."

"Kaburi?"

"Umeona wapi kaburi likinywesha watu?"

"Basi amebaki mtu," akasema Daktari Kazimoto kwa furaha, maana kishikwambi kilikuwa kimekataa kwenda ukurasa wa pili mpaka kiandikiwe kitu. "Jina, Kalunde. Jinsia?"

"Ke. Huoni anavyotunza?"

"Umri?"

"Alikuwepo kabla ya babu wa babu yake Chogo."

"Mwisho ni tisini na tisa." Akaandika tisini na tisa. "Kazi?"

"Kunywesha watu."

Akaandika: mjasiriamali wa vinywaji. "Wategemezi?"

"Kaya mia moja na arobaini."

"Mwisho ni tisa." Akaandika tisa. "Kwa kuwa ni mkongwe na haongei, anahitaji mlezi wa kisheria. Ni nani?"

"Ni mimi."

Akatia saini yake pale, kubwa, ya mtu aliyesoma mpaka darasa la saba na hajasahau. Siku ile alirudi nyumbani anaimba.

*

Wiki mbili baadaye walikuja vijana wa wizara wakapiga alama ya X nyekundu kwenye mwamba wa Kalunde, kama zinavyopigwa nyumba zitakazobomolewa. Wakaacha na barua:

"Ndugu Kalunde, YAH: KUPISHA MRADI WA BARABARA KUU YA SHUKRANI. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Unatakiwa kuhama ndani ya siku thelathini pamoja na mali zako zote zinazohamishika. Umetengewa makazi mbadala, Kiwanja Namba 114, Kilima Kipara. Serikali inakutakia maisha mema."

Kilima Kipara ni kilima ambacho hata mjusi hukipita mbio. Bi Siwatu alisoma barua mara tatu, akaikunja, akapanda lori la mkaa mpaka ofisi ya mradi. Daktari Kazimoto alimpokea vizuri, akampa hata kiti.

"Daktari, maji hayapandi mlima."

"Bi mkubwa, tumehamisha watu elfu tatu kwenye mradi huu, hatukumuuliza hata mmoja kama anapanda mlima. Tukianza kumbembeleza Kalunde tutakuwa tumebagua."

Bi Siwatu hakulia wala hakutukana, ingawa vyote viwili vilikuwa karibu. Alitoa kwenye kanga yake nakala ya Fomu ya Uendelevu, aliyoikuta imefungiwa karanga sokoni, akafungua ukurasa wa arobaini na moja. Palikuwa na alama za mafuta, lakini maandishi yalisomeka: "Ni marufuku kujenga juu ya makazi ya mtu aliye hai kabla mtu huyo hajahama."

"Kalunde ni mtu. Umemwandika wewe," akasema. "Yu hai. Na hajahama. Njoo umwone."

Daktari Kazimoto akasoma. Akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna njia ya kutokea. Nyuma kulikuwa na bei ya karanga.

Na hivi ndivyo Barabara Kuu ya Shukrani ilivyosimama siku kumi na moja. Makatapila yalilala. Kuku wa Igongwe walitaga ndani ya greda. Watu waliomcheka Bi Siwatu walimletea mihogo, na Mwenyekiti Chogo akaanza kusema kwamba wazo lilikuwa lake. Mwanamke mmoja na ukurasa wa karanga walikuwa wameizuia serikali, na kila asubuhi Bi Siwatu alivua viatu akafagia, akisugua ile X kidogo kidogo kwa mchanga.

Siku ya kumi na mbili ukaja msafara. Mbele polisi na king'ora, nyuma Daktari Kazimoto mwenye suti, nyuma yake mpiga picha. Daktari akashuka, safari hii akavua viatu, jambo lililomtisha Bi Siwatu kuliko yote. Akachovya chupa ya plastiki kwa Kalunde, ikajaa, akaifunga kizibo. Chupa ikawekwa kiti cha nyuma cha gari, ikafungwa mkanda. Msafara ukapanda Kilima Kipara huku king'ora kikilia, na kijiji chote kikakimbia nyuma yake kwenye vumbi.

Kwenye Kiwanja Namba 114 wizara ilikuwa imeshajenga kibanda cha bati chenye mlango, dirisha na kibao: KALUNDE. Daktari Kazimoto akafungua chupa akayamimina maji mlangoni. Ardhi ikayanywa kabla kizibo hakijarudi.

"Karibu kwako, Kalunde," akasema. Tone la mwisho akaliangusha kwenye Hati ya Kuhama, mahali palipoandikwa "Saini ya mhamaji". Likakauka mpiga picha akiwa bado anatafuta pembe nzuri.

Bi Siwatu alikuwa anatweta. "Na yule aliyebaki bondeni," akauliza, "yule anayetoa maji mpaka sasa hivi, ni nani?"

"Yule?" Daktari Kazimoto akafuta mikono. "Ule ni unyevunyevu tu."

*

Unyevunyevu ulifukiwa siku ya Jumatano. Bi Siwatu aliingia ndani ya maji akakaa na ufagio wake mapajani. Askari wanne wakamnyanyua kama alivyo, amekunja miguu, wakamweka kwenye majani kwa uangalifu, kwa kuwa fomu inakataza kuumiza wazee. Katapila likasukuma mawe, kisha kifusi, kisha mashine ya kushindilia ikapita mara sita. Mara mbili za mwanzo kifusi kilitoa povu. Mara ya tatu hakikutoa kitu.

Aliwachukia. Nalisema wazi kwa sababu mwenyewe alilisema wazi, akimtaja mmoja mmoja kwa jina na ukoo, Daktari, Mwenyekiti, dereva wa katapila na aliyemzaa Baba wa Lami. Lakini usiku, moyoni mwake, alikuwa anamchukia mwingine, yule mwanamke aliyesaini kwa herufi kubwa kwamba Kalunde ni mtu anayeweza kuhama.

Igongwe ikaanza kwenda mtoni. Saa tatu kwenda, saa nne kurudi. Shule ikabaki na wavulana watano. Wakati wa tope, watoto wawili walikufa kwa kuharisha, mmoja wa miezi saba, mwingine alikuwa bado hajatimiza mwaka, mjukuu wa dada yake Bi Siwatu. Kwa bahati nzuri makaburi yana sehemu yake kwenye fomu, yakaandikwa bila tatizo lolote.

Barabara ilipokamilika, Daktari Kazimoto akarudi kwa tathmini ya mwisho. Miti iliyokatwa elfu nne, iliyosimikwa elfu nne. Hii ya pili ilikuwa nguzo za taa, ambazo kitaalamu husimama kama miti na hazimalizi maji. Kwenye swali la maji, "Wananchi wanatembea umbali gani kufikia maji?" akaandika: "Hakuna umbali. Wanaishi na Kalunde, Kiwanja Namba 114." Kisha akafika kwenye nyota, akazikuta zimeshapakwa.

*

Siku ya uzinduzi Idara ya Sherehe iliteremsha ghorofa zote nne. Utepe ulikuwa mrefu kuliko mtaro wa maji ya mvua, ambao ulikuwa umesahauliwa. Wanafunzi walisimama juani tangu alfajiri wakiwa na vibendera, bila maji, wakiimba wimbo wa kusifu maji yaliyoletwa na barabara.

"Wapo waliosema barabara itakula mazingira!" akanguruma Baba wa Lami. "Yako wapi mazingira yaliyolalamika? Yajitokeze!"

Makofi. Bendi. Baba wa Lami akapiga hatua akate utepe, na kiatu chake cheupe kikatoa sauti ya kufyonzwa. Akatazama chini. Pale kwenye mstari mweupe wa katikati, lami ilikuwa na doa la maji, dogo, upana wa sahani ya wali, na katikati ya doa kulikuwa na povu linalopanda na kushuka taratibu.

"Nani huyu?" akauliza Baba wa Lami.

Mazoea yana taabu. Mwenyekiti Chogo, aliyenyweshwa na chemchemi ile miaka hamsini, akajibu kabla hajafikiri: "Kalunde, Mtukufu."

Daktari Kazimoto akafunua makabrasha. "Haiwezekani, Mtukufu. Kalunde alihama. Tuna hati. Tuna saini yake." Akaonyesha karatasi, mahali palipokuwa pamekauka.

"Basi kama alihama akarudi," akasema Baba wa Lami, "huyo ni mvamizi."

Askari wakalizunguka doa. Walilitazama kwa muda mrefu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Mwishowe sajini akakumbuka kwamba mkongwe asiyeongea ana mlezi wa kisheria. Bi Siwatu alikuwa mstari wa nyuma. Walipomfikia walimkuta anacheka na machozi yanamtoka, anaitikia peke yake, "Marahaba, marahaba, mwenzangu," kana kwamba safari hii yeye ndiye aliyeamkiwa.

*

Kesi ilisikilizwa asubuhi moja. Mshtakiwa wa kwanza, Kalunde, mwenye umri wa miaka tisini na tisa, mjasiriamali, hakutokea. Mshtakiwa wa pili, mlezi wake, alishtakiwa kwa kumwacha mtu aliye chini ya ulezi wake avamie hifadhi ya barabara.

"Una la kusema?" akauliza hakimu.

"Ninalo. Yule si mtu, ni maji. Nilisema ni mtu kwa kuwa nyinyi maji hamyajui. Mmeyafukia, watoto wetu wawili wamekufa, na nyote mlio humu mmekunywa chai asubuhi."

Hakimu akasukuma kikombe chake nyuma ya mafaili. "Mahakama haiwezi kukubali kwamba si mtu. Saini yako inasema ni mtu. Unataka kutuambia wizara iliyapa maji kibanda?"

Kwa kuwa magereza yalikuwa yamejaa waliolala barabarani wakisubiri fidia, Bi Siwatu alipewa kifungo cha nje. Kila siku asubuhi atafagia maji barabarani mpaka yaishe. Ufagio aje nao mwenyewe.

Daktari Kazimoto alipopata habari, alifungua fomu upya. Palipoulizwa "Mradi umeajiri wanawake wangapi?" akafuta sifuri akaandika mmoja. Wafadhili walifurahi sana. Wakaongeza nyota ya sita, hiyo ikabidi ichorwe kwa mkono.

*

Siku ya kwanza Bi Siwatu alivalishwa koti la kung'aa juu ya kanga. Akafika kwenye doa, akavua viatu. Lori la ng'ombe likampita likipiga honi. "Shikamoo, Kalunde," akasema, akainama akafagia.

Alifagia alivyofundishwa. Alichomeka vijiti ndani ya ufa wa lami, akazungusha, akatoa mchanga, akatoa punje za kokoto, akazirundika kando. Siku ya pili ufa ulikuwa upana wa kidole. Wiki ya pili vidole vinne. Wanawake wa Igongwe wakaanza kuja na ndoo kabla ya malori, wakichota kwa bakuli katikati ya mstari mweupe, mmoja akilinda upande wa juu na mwingine upande wa chini. Safari za mtoni zikakoma. Askari wa barabarani aliyewekwa kumsimamia aliona yote, lakini amri aliyopewa ilikuwa ya kuhakikisha mfungwa anafagia, na mfungwa alikuwa anafagia kuliko mfungwa yeyote aliyewahi kumwona.

"Mama, mbona kila ukifagia maji yanazidi?" alimuuliza siku moja.

"Mwanangu, mimi si mhandisi. Hukumu inasema nifagie."

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, alipochomeka ufagio ulizama wote mpaka kwenye kiganja. Akautoa, akagonga lami kwa kisigino. Ililia kama mtungi mtupu. Akasogea hatua mbili, akagonga, ikalia vile vile. Akasogea hatua tano, kumi, mpaka upande wa pili wa barabara. Maji yalikuwa yamekula kifusi chote kwa chini. Barabara Kuu ya Shukrani, mahali pale, ilikuwa ngozi tu.

Bi Siwatu alikuwa na hasira, hakuwa mwuaji. Aliomba simu ya askari akampigia Daktari Kazimoto mwenyewe.

"Daktari, chini ya barabara ni patupu. Pana shimo linaloweza kumeza lori."

"Shimo linaonekana?"

"Halionekani. Nimekwambia liko chini."

Akasikia upande wa pili wa simu vidole vikigonga kishikwambi, juu na chini, juu na chini. "Bi mkubwa," akasema Daktari Kazimoto, "kuna watu, kuna nyumba, kuna miti ya matunda na kuna makaburi. Shimo lisiloonekana halimo."

"Halimo?"

"Halimo. Na usisambaze uvumi. Jumamosi Mtukufu anakwenda kumsalimia shangazi yake, magari arobaini na mbili, mwendo wa kasi. Mimi mwenyewe nitakuwa gari la kwanza, nikimwonyesha nyota. Hakikisha barabara ni safi."

"Itakuwa safi," akasema Bi Siwatu.

Alirudisha simu. Akamalizia kufagia kama kawaida, akavaa viatu, akaweka punje zake kwenye rundo. Kisha akaenda kwa wanawake waliokuwa wanajitwika ndoo, akawaambia Jumamosi wachote mapema sana, na kila mmoja awashike wanawe, wakae mbali na barabara.